Mafungu Mawili Mlangoni

Ukipita leo mbele ya ghala la zamani la chama cha ushirika, pale Mwashilindi nje kidogo ya mji wa Bariadi, utawakuta wazee wamekaa kwenye mabenchi. Mmoja anachambua pamba, mwingine anamwuliza mwenzake jina kwa mara ya kumi, na binti wa zamu anawagawia uji. Uliza kituo hiki cha kulea wazee kilianzishwa na nani, utaambiwa ni wafadhili, au ni parokia, au ni mbunge aliyekuja siku ya kuzindua kibao. Uongo mtupu. Kilianzishwa na neno moja la kisimani, na aliyelitoa ni Stephania, mke wa Mboje. Mwenyewe hapendi kuulizwa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, mwezi wa saba, pamba imejaa vyumbani hadi watu wanalala juu yake. Stephania alikuwa na miaka mitatu tu ya ndoa. Kwao ni Lamadi, mtoto wa wauza dagaa, na mambo ya pamba aliyakuta ukubwani. Asubuhi hiyo alifungua mlango akakuta mafungu mawili ya pamba yamewekwa chini, mbele ya kizingiti, moja kubwa na moja dogo. Jana yake jioni kilo chache za pamba zilizobaki nje zilikuwa lundo moja kwenye turubai, pembeni ya ukuta.

Mama mkwe wake, bibi Nyanjige, alikuwa amechuchumaa karibu na zizi, nyuzi za pamba zimemganda kwenye nywele. Stephania alipiga magoti akamwamkia, "Ng'wangaluka mayu," umeamkaje mama, na bibi akamwitikia kwa furaha, ila kwa jina la wifi yake yeye bibi, aliyekufa zamani. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa pili sasa bibi alikuwa akitia chumvi mbogani mara tatu, akitoka kwenda kutafuta ng'ombe waliouzwa enzi za marehemu mumewe, na kukutwa alfajiri kwenye miji ya watu, ndani kabisa ya nyua zao. Mboje alisema ni uzee, basi. Stephania hakubisha kwa mdomo, lakini moyoni alikuwa na lake: mtu anayesahau jina la mjukuu wake na hasahau njia ya kwenda nyumba za watu, huyo anasahau nini hasa?

Na mtoto wake, Flora, alikuwa amelala na homa tangu jana. Stephania hakuinama kuyatazama yale mafungu. Alichukua kijiti, akayasukuma yote mawili kwenye moto wa kuota, na pamba ikawaka mara moja. Bibi Nyanjige alisimama akautazama ule moto. Alifungua mdomo kama mwenye neno, kisha akajikung'uta na kwenda zake.

Kisimani Stephania alimkuta Martha, mke wa Salu, jirani yao wa tatu. Martha alikuwa amezika mtoto wa miaka miwili siku kumi na moja zilizopita, homa ya siku mbili tu na imekwisha. Alikuwa anapampu maji bila kuangalia ndoo, yakamwagika, akaendelea kupampu. Stephania alimshika mkono. Na mkono huo, jamani, ndio uliolivuta lile neno. Martha alimnong'oneza kwamba siku tatu kabla ya mtoto kuugua walikuta mafungu mawili ya pamba mlangoni, Salu akayachoma, wakanyamaza.

"Hata kwangu leo yalikuwepo," Stephania alisema.

Basi, ni hivyo tu. Hakumtaja mtu. Lakini Martha aliinua macho akatazama upande wa mji wa Mboje, na Stephania akaona wazo linavyoingia machoni mwa mwenzake, akashindwa kulizuia. Kufika jioni kitongoji kizima kilikuwa na tafsiri yake: fungu kubwa ni wa kubaki, fungu dogo ni wa kuchukuliwa. Wengine wakaongeza kwamba ndani ya fungu dogo mlikuwa na nywele. Nani aliyaona? Hakuna. Kila aliyekuta alichoma. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, ila safari hii kichwa kilikuwa cha mtu mwingine.

Homa ya Flora ilishuka kwa vidonge vya zahanati siku ya pili. Hilo hakuna aliyelihesabu.

*

Aibu haikuja kwa kishindo. Ilianza mashineni. Stephania alipanga debe lake la mahindi kwenye mstari, akageuka kumfunga mtoto mgongoni, na alipogeuka tena debe lilikuwa limesukumwa nyuma ya madebe mengine manne. Alilirudisha. Likasukumwa tena. Mwenye mashine alikuwa anatazama paa. Alisaga mwisho, na unga wake uliposhuka wanawake wawili waliokuwa wamebaki wakasogea mbali, eti wasirukiwe na vumbi.

Kesho yake alimsalimia mke wa katekista njiani, na yule mama, mtu wa jumuiya, mtu waliyesali naye rozari Jumatano, akainama kufunga kiatu. Kiatu chenyewe ni ndala. Stephania alicheka peke yake kwa uchungu.

Salu alikuwa amekwenda kwa mfumu, mganga wa ramli, huko upande wa Mwandoya, na kuku mkononi. Alirudi na jibu kwamba mkono ulioingia nyumbani kwake ni wa bibi kizee, mwenye macho mekundu, anayekaa machweo ya jua. Bibi vizee wanaokaa machweo ya Mwashilindi hawapungui sita, na wote wana macho mekundu kwa kupikia mabua ya pamba miaka hamsini. Lakini watu wakishaamua, jibu lolote linatosha. Nyanda, mtemi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kitongoji, alifika kwa Mboje na fimbo yake, hakukubali kiti. Alisema dagashida, baraza la hukumu, itakaa Jumamosi baada ya saa nane, kijiji kizima, na bibi aletwe. Akishindwa kujieleza, asilale tena Mwashilindi.

Mboje aliuliza mama yake ataenda kulala wapi, maana hana ndugu aliyebaki. Nyanda alisema hilo si la sungusungu. Kisha akashusha sauti, kwa sababu walicheza wote utotoni, akamwambia kuna vijana hawataki kusubiri Jumamosi.

Maana yake wote waliijua. Mwaka uliopita, kijiji cha tatu kutoka pale, bibi mmoja alikatwa mapanga akiwa anapika, na hadi leo hakuna aliyeona kitu. Tangu siku hiyo Mboje alihamishia mkeka wake mlangoni kwa mama yake. Mwanaume mzima, mwenye jozi ya maksai, analala nje kama mlinzi wa duka.

Siku ya Jumatano, akiwa anakula, alisimamisha tonge.

"Kwa Salu sawa, walikuta mafungu. Kwetu nani alisema yalikuwepo?"

"Sijui," Stephania alijibu. "Watu wanasema mengi."

Mboje alimtazama usoni.  Alimaliza ugali wake, akanawa, akatoka bila kusema wabeja, ile asante ya kila mlo, na tangu usiku huo hakumwita mke wangu, alimwita mama Flora, kama wapita njia wanavyomwita. Stephania alijua kwamba anajua. Akaona aibu, na chini ya aibu bado kulikuwa na hofu yake ile ile: vipi kama ni kweli? Vipi kama anamlinda mtu ambaye kesho atamzika Flora?

*

Alhamisi asubuhi bibi alipotea. Mboje alikuwa amekwenda mtoni kunywesha, Stephania alikuwa anafagia, na kufumba na kufumbua mkeka ulikuwa mtupu. Alimbeba Flora akakimbia, hakuthubutu kuuliza mtu. Alifuata nyayo za bibi, miguu mipana isiyojua viatu, hadi kwenye ghala la ushirika.

Ghala hilo lilikuwa limefungwa mwaka wa tatu. Wanunuzi binafsi walipoingia na malori yao, wakanunua barabarani, chama kikakosa pamba na kisha kikakosa watu. Ufunguo alibaki nao mzee Boniventura, aliyekuwa karani wa mizani, na maneno juu yake hayakuwa mazuri. Kila alfajiri aliingia ghalani na baiskeli, akajifungia, akatoka giza limeshaingia. Wengine walisema anang'oa mabati kidogo kidogo. Wengine walisema ameficha mizani ya chama ili aiuze. Mke wake, Anyesi, hakuonekana tena kanisani, na yeye aliwaambia watu amekwenda kwa ndugu zake Nyashimo, na hakuna aliyeamini.

Bibi Nyanjige alikuwa mlangoni, anaupapasa ule mlango wa chuma kwa viganja. Na kutoka ndani sauti ya mwanamke ilikuwa inauliza, polepole, bila kuchoka: "Nani? Nani? Nani?"

Stephania alirudi nyuma hatua moja. Alitaka kumvuta bibi waondoke, lakini mlango ulifunguka na mzee Boniventura akatokea, kijiko cha uji mkononi. Walitazamana kila mmoja akimshuku mwenzake. Kisha mzee akatazama barabarani, akaona hakuna mtu, akasema waingie haraka.

Ndani, kwenye magunia matupu, alikaa Anyesi. Safi, amesukwa, kanga mpya, na kiuno kimefungwa kwa kitambaa kwenye nguzo, fundo la kulegea kama la mtoto. Alimtazama Stephania akatabasamu na kuuliza, nani.

Mzee Boniventura alisema hakuwa na la kujitetea. Mwaka wa tatu mkewe amepotelewa na kumbukumbu. Nyumbani alitoka akaingia kwenye miji ya watu, na yeye alijua watu wa hapa wanamfanya nini bibi anayeingia kwenye miji ya watu. Kwa hiyo akasema yuko Nyashimo. Anamleta kwenye baiskeli gizani alfajiri, anamrudisha gizani. Ghala lina kuta nene. Acha wamwite mwizi wa mabati.

"Bora waniseme mimi," alisema. "Mimi nina miguu ya kukimbia."

Stephania alikuwa anamtazama mama mkwe wake. Bibi Nyanjige alikuwa ameona kwenye kona lundo la pamba kuukuu, mabaki ya msimu wa mwisho wa chama. Alikwenda akaketi, miguu ameinyoosha mbele, akavuta lundo mapajani, na mikono yake ikaanza kazi. Anachukua kitita, anakipasua, anakigeuza kwenye mwanga. Cheupe kulia. Chenye doa, chenye jani, chenye funza, kushoto. Haraka, bila kukosea, midomo ikihesabu kitu. Kulia pakakua fungu kubwa. Kushoto, dogo.

Stephania aliyanyooshea kidole yale mafungu.

"Anafanya nini?"

Mzee Boniventura alimshangaa. "Wewe huoni? Anachagua daraja. Safi na fifi. Bibi huyu alikuwa mchambuzi wa chama, mimi nilikuwa napima na yeye anakagua, miaka kumi na saba. Ukileta pamba safi umechanganya na fifi, Nyanjige anakurudisha nyumbani na gunia lako." Alimtazama tena, akakumbuka. "Aa. Wewe ni mtu wa ziwani. Na ulipoolewa wanunuzi hawa walikuwa wameshaingia, kila kitu gunia moja."

Kumbe. Mji aliouingia alfajiri akakuta pamba imelundikwa ovyo, mikono yake ilimwambia wenyewe watapata hasara, akakaa akawachambulia, akawawekea mlangoni waone. Salu alizaliwa kwenye pamba, angetazama mara moja tu angejua. Lakini nani anatazama? Sisi watu wa huku ukikuta kitu mlangoni usichokiweka, unachoma kwanza. Stephania alilia kwa sauti, na Anyesi pale kwenye magunia akamwuliza tena, kwa upole, nani.

*

Jumamosi watu walijaa uwanjani, wanaume upande wao na fimbo zao, wanawake upande wao. Salu alisimama akasema yake: mafungu, siku tatu, mtoto. Hakupayuka. Alisema kama mtu anayesoma barua ya mwingine, na ilikuwa vibaya zaidi kuliko kelele. Nyanda akauliza nani mwingine aliyakuta. Nyumba nne zikasimama.

Stephania hakungoja kuitwa. Mwanamke kusimama kwenye dagashida bila ruhusa ni jambo, na kelele zilianza, lakini alikuwa ameshafika katikati, gunia la pamba kichwani. Alilitua mbele ya bibi Nyanjige, aliyekuwa amekalishwa chini juani peke yake, kisha akageuka. Alisema ya kwao yalionekana na yeye, na neno lilitoka kinywani mwake yeye, kisimani, na mume wake alipomwuliza alimdanganya. Alisema hayo akimtazama Mboje. Mboje alitazama vidole vya miguu yake.

"Niliyachoma sikuyatazama," alisema. "Na ninyi mlichoma. Leo tutazame."

Akamwaga pamba yote mapajani kwa bibi.

Bibi hakuigusa. Alitazama umati, akahofu, midomo ikamtetemeka kama mtoto aliyepotea mnadani. Mtu akacheka. Kijana mmoja akasema mchawi amebanwa. Stephania aliona kila kitu kinakwenda, akapiga magoti, akachukua kitita chenye doa na kwa makusudi akakichanganya kwenye cheupe.

Bibi alimpiga kofi la mkono. Paa! Akakitoa kile kitita, akakitupa kushoto, akashika kingine. Na mikono ikaondoka.

 Kulia, kushoto, kulia, kulia. Mzee mmoja wa upande wa wanaume, Januarius, aliyewahi kurudishiwa magunia yake mawili na bibi huyu huyu mbele ya watu, alisogea akainama. Akaokota kitita kutoka fungu dogo, akakigeuza. "Fifi," alisema, kwanza taratibu, halafu kwa sauti. "Hii ni fifi, jamani." Bibi kizee mwingine akaja, akaketi bila kuombwa, akaanza kuchambua naye. Vicheko vidogo vikapita upande wa wazee, vya watu wanaojionea haya.

Salu hakucheka. Alisubiri wanyamaze.

"Na mwanangu?" aliuliza.

 Jibu ni homa, kila mtu alilijua, lakini nani atampa baba jibu dogo namna hiyo? Martha alijifunika kanga usoni. Stephania alitamani ardhi immeze, kwa sababu sasa alikuwa ameokoa bibi na kumnyang'anya mwenzake kitu cha kushika.

Ndipo mzee Boniventura akasimama na ufunguo. Alisema yuko tayari kufungua ghala mchana, bibi akae pale mbele ya macho ya watu wote, na ambaye hamwamini aje kumlinda. Sauti ikatoka nyuma kwamba karani anataka kulishika ghala la chama kwa ujanja. Alikubali. Alisema ndiyo, analitaka, kwa sababu mke wake yumo humo. Wakashangaa, wakaanza kunong'ona upya, na Nyanda akagonga fimbo chini kabla minong'ono haijakomaa. Hukumu yake ilikuwa hivi: bibi Nyanjige asionekane kwenye mji wa mtu alfajiri, mchana kutwa akae ghalani, mlango wazi, na sungusungu wawili wakae naye kila siku kumchunga.

Hivyo ndivyo kituo kilivyoanza, kama kifungo. Wale vijana waliowekwa kuchunga walichoka kukaa bure wakaanza kutwanga, kuchota maji, kukoroga uji. Kijana mwingine wa zamu alikuja na babu yake, maana alikuwa amechoka kumfunga kamba nyumbani. Mwaka uliofuata walikuwa wazee tisa. Mabenchi yalikuja baadaye, wafadhili baadaye sana.

Msidhani watu walipendana. Wengine hadi leo hawanywi maji ya pale. Na Salu alikuja kila siku, miezi miwili, akasimama mlangoni ameegemea fimbo, akitazama mikono ya bibi Nyanjige kama anayengoja ikosee. Haikukosea. Siku moja alikuja na kilo kadhaa za pamba yake kwenye kiroba, akaziweka chini bila neno, akaenda zake. Jioni akarudi kuchukua mafungu mawili. Hakusema wabeja, na hakuna aliyemdai.

Mboje alimrudia mkewe pole pole, kama mtu anayepima kina cha mto kwa fimbo. Lakini kuna siku ambayo Stephania hajawahi kumsimulia.

Alikuwa amempeleka bibi uji. Bibi alimtazama, akampisha kwenye mkeka kama mgeni, akamwuliza ni wa wapi.

"Wa hapa hapa, mayu."

Bibi akasogea karibu, akamshika goti, akamwambia kwa siri. Alisema ana mtoto mmoja wa kiume, anaitwa Mboje. Alimchambulia pamba yake, asubuhi na mapema, ili mjukuu akiugua ipatikane bei ya safi. Mke wake akaitia moto.

Stephania aliweka bakuli la uji chini.

"Usimlaumu," bibi alisema. "Ni mtu wa ziwani, ng'wanawane, mwanangu. Hajafundishwa. Ningemfundisha mimi, ila nasahau nyumba yake iko wapi."

Kisha akachukua kitita cha pamba, akamwekea Stephania mkononi, akaugeuza mkono huo kwenye mwanga wa mlango ili aone doa liko wapi. Stephania aliketi, akanyoosha miguu, na akachambua naye mpaka ilipofika saa ya kumrudisha nyumbani.